Habari za Mifupa Katika Picha ya Meno

Katika nyumba zetu nyingi iko bahasha kubwa iwekwayo juu ya kabati au chini ya godoro, na ndani yake mna karatasi za matibabu: kadi za kliniki, vyeti vya dawa, na picha za eksirei zilizokwisha kukunjamana. Miongoni mwa picha hizo mara nyingine huwamo moja ya taya na meno, iliyopigwa siku mama au bibi alipokwenda kung'olewa gego. Siku hizi nyingi hazitolewi tena kwa mkono, bali hukaa ndani ya kompyuta ya tabibu. Lakini mwisho wake ni ule ule: jino likishatoka na maumivu yakishapoa, hakuna aitazamaye tena. Leo twapenda kusema na wasomaji wetu, hasa vijana ambao wazazi wao wangali hai, juu ya picha hiyo. Kwani huenda ndani yake mna habari ambayo hakuna aliyeiuliza, nayo ni habari ya mifupa ya mwili mzima.

Wengi wetu hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu, kama boriti iliyokwisha kupigwa mahali pake ikasahauliwa. Sivyo. Mfupa u hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo iliyochakaa na kujenga mpya mahali pake. Katika utoto na ujana ujenzi hushinda ubomoaji, na mtu afikapo miaka kama 30 akiba yake ya mifupa huwa imetimia. Baada ya hapo hesabu hugeuka polepole, na matumizi yakawa makubwa kuliko pato. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma, homoni iitwayo estrojeni hupungua, na kwa miaka kadhaa mifupa hupungua kwa kasi. Mwanamume naye hapati msamaha, ila aghalabu kwake mambo huenda taratibu zaidi na kwa kuchelewa. Upungufu huo ukipita kiasi, mfupa huwa mwepesi, wenye matundu mapana kama sifongo kuukuu. Maradhi hayo madaktari huyaita osteoporosisi.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Hayana homa, hayana kikohozi, wala hayamnyimi mtu usingizi. Mama hula, hutembea, huenda sokoni, hucheka na wajukuu wake, na huku mifupa yake yapungua. Halafu siku moja huteleza kidogo, anguko ambalo kijana angeliinuka kwalo huku akijipangusa vumbi, naye asiweze kuinuka. Mahali panapovunjika zaidi ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na nyonga; na katika hayo matatu, nyonga ndiyo iletayo msiba mkubwa kuliko yote.

Twalijua jambo hili kwa kuliona. Katika jamaa zetu yuko shangazi yetu, mwanamke mchapakazi, ambaye nyumba nzima ilikuwa ikimtegemea. Alfajiri moja alikuwa akitoka kutawadha, akateleza penye kizingiti cha choo, nyonga ikavunjika. Alikuwa na umri wa miaka 67. Alipasuliwa, akatiwa chuma, akalala kitandani kwa muda mrefu. Binti yake mmoja aliacha kazi ili amwuguze, na mwana wa kiume akauza shamba dogo la minazi ili gharama zilipwe. Shangazi mwenyewe, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, sasa hutembea kwa kushika kigari cha chuma na husali akiwa ameketi kitini. Wageni waliokuja kumzuru walikuwa wakimwambia, "Dada, ni uzee tu huo." Naye alikuwa akiitikia kwa upole, kwani hakuwa na la kujibu.

Katika siku zile za kuuguza, mpwa wetu mmoja aliyesomea uganga wa meno alikuja kumwangalia. Akaomba aone karatasi zote za shangazi, akaikuta picha ya taya nzima iliyopigwa miaka miwili kabla ya kuanguka, siku za gego. Akaisogeza dirishani penye nuru, akakaa kimya kitambo. Kisha akatuonyesha kwa ncha ya kalamu ukingo wa chini wa taya. "Tazameni hapa," akasema. "Mstari huu mweupe ungepasa uwe mnene na laini. Huu ni mwembamba, na upande wa ndani umeliwa-liwa. Picha hii peke yake isingetosha kusema kwamba ana maradhi. Lakini ingetosha mtu kumwambia, mama, nenda ukapimwe mifupa."

Hatusemi haya kumlaumu aliyeipiga picha ile. Aliulizwa habari ya jino, akatazama jino, akalitoa vizuri. Tulilojifunza ni kwamba picha hujibu zaidi ya swali lililoulizwa, ikiwa yuko mwenye kuisoma. Kwa ajili hiyo tulitaka tujue: je, maneno ya kijana huyu ni ya kwake, au yana msingi katika elimu? Tukakuta kwamba msingi upo, na ni wa miaka mingi.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba mwaka 1895. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete kidoleni. Haukupita mwezi mwingine, tabibu wa meno aitwaye Otto Walkhoff, katika mji wa Braunschweig, akajipiga picha ya meno yake mwenyewe mnamo Januari 1896. Ilimlazimu kukaa bila kutikisika muda wa dakika 25, kazi ambayo sasa hutimia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katikati ya karne ya 20, Yrjö Paatero wa Ufini alitengeneza njia ya kuzungusha miale pande zote za kichwa, hata taya zote mbili zikatokea katika picha moja ndefu. Hiyo ndiyo picha ambayo watu wengi huipata leo katika kliniki kubwa za meno.

Kazi ya miale hii ni rahisi kufahamu. Kalsiamu iliyomo katika mfupa huizuia, na nyama laini huiacha ipite. Basi palipo na mfupa mwingi picha huwa nyeupe, na palipo na mfupa haba huingia weusi. Taya la chini nalo ni mfupa kama mifupa mingine. Lina gamba gumu kwa nje, na ndani yake mna wavu wa vijiti vidogo vya mfupa vilivyoshikana. Mwili unapopungukiwa mifupa, taya nalo laweza kuonyesha upungufu huo. Kwa hiyo mwenye kutazama huwa na mahali pawili pa kutazama: unene wa gamba la ukingo wa chini, na msongamano wa ule wavu ulio kati ya mizizi ya meno.

Mwaka 1994 Klemetti na wenzake, huko Ufini, waliligawa gamba hilo katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni gamba lenye ukingo wa ndani ulio sawa na laini. La pili ni lile lenye mapengo madogo mfano wa mwezi mwandamo. La tatu ni gamba lililojaa matundu na matabaka, kama ubao ulioliwa na mchwa. Huko Japani, Akira Taguchi na wenzake nao walifanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya taya za wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wakitafuta jinsi matabibu wa meno wawezavyo kuwatambua wale wenye mifupa dhaifu.

Baadaye, katika miaka ya 2000, vyuo vya miji mitano ya Ulaya, yaani Manchester, Leuven, Amsterdam, Athens na Malmö, vilishirikiana katika kazi iliyoitwa OSTEODENT. Wanawake zaidi ya 600 wenye umri wa miaka 45 hadi 70 walipigwa picha za taya na kupimwa mifupa ya nyonga na mgongo, kisha matokeo yakalinganishwa. Palipimwa unene wa gamba chini ya tundu dogo ambamo mshipa wa fahamu hupita kwenda mdomo wa chini na kidevu. Ilionekana kwamba mwanamke ambaye gamba lake hapo halifiki milimita 3 anastahili kupelekwa akapimwe mifupa kwa kipimo kamili.

Lakini uchunguzi uliotugusa zaidi ni ule wa mji wa Gothenburg, nchini Uswidi. Mwaka 1968 wanawake wa mji huo, wenye umri wa miaka 38 hadi 60, walianza kufuatwa na wachunguzi wa afya, na miongoni mwa mambo yaliyofanywa ni kupigwa picha za taya. Picha nyingine zilipigwa mwaka 1980. Miaka ikapita, wanawake wale wakazeeka, baadhi yao wakavunjika mifupa na wengine wasivunjike. Ndipo wataalamu wa chuo kikuu cha mji huo walipozirudia picha za wanawake 731 na kuzisoma upya, wakazilinganisha na habari za kuvunjika. Katika mwaka 2011 walitangaza waliyoyaona: mwanamke ambaye wavu wa mfupa wa taya lake ulikuwa mchache katika umri wa makamo, alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjika mifupa mingine ya mwili baadaye. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Dalili ilikuwapo katika picha miaka mingi kabla ya mfupa kuvunjika.

Hapa yatupasa tuweke hadhari, kwani habari njema ikipita mpaka wake hugeuka kuwa hasara. Kwanza, picha ya meno si hukumu. Wako wenye gamba jembamba ambao mifupa yao ya nyonga ni mizima, na wako wengi wenye maradhi ambao taya zao hazionyeshi lolote. Mtu asifarijike akalala kwa kuwa taya lake ni zuri, wala asilie kwa kuwa ni jembamba. Pili, picha huweza kupotoka kidogo ikiwa kichwa hakikukaa sawa, na mashine moja hukuza vitu kuliko nyingine. Ndiyo sababu kusoma ni kazi ya mjuzi. Tatu, haifai mtu aende kupigwa picha ya meno kwa ajili ya mifupa tu. Miale ya picha hiyo ni kidogo, yakaribia ile tuipatayo kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Hata hivyo miale haipigwi bila haja. Tunalolisema sisi ni hili: ikiwa picha imekwisha kupigwa kwa haja ya meno, basi na isomwe yote.

Kipimo chenyewe cha mifupa ni cha mashine iitwayo DEXA, ambayo hupima nyonga na mgongo. Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni mwaka 1994: majibu hulinganishwa na mifupa ya mwanamke kijana mwenye afya, na alama ya -2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi. Ile iliyo kati ya -1 na -2.5 ni upungufu usiofika hapo. Iko pia hesabu iitwayo FRAX, iliyotolewa na chuo kikuu cha Sheffield mwaka 2008, ambayo daktari huulizia umri, uzito, uvutaji wa sigara, dawa, na kama mzazi alivunjika nyonga, kisha akakadiria hatari ya miaka 10 ijayo.

Msomaji ataweza kuuliza: ikiwa kipimo cha kweli kipo, ya nini kuhangaika na picha ya meno? Jawabu ni kwamba mashine za DEXA kwetu ni chache na zimo katika miji mikubwa, na kwenda huko ni nauli, ni siku ya kazi, na ni malipo. Hatuwezi kuwapeleka wazee wote. Lakini wengi wao watakwenda kwa tabibu wa meno, kwani jino halimpi mtu nafasi ya kungoja. Basi ikiwa katika safari hiyo moja, kwa picha ambayo gharama yake imekwisha kulipwa, yaweza kutokea ishara ya kutuambia ni mama yupi anayestahili kutangulizwa, kuipuuza ishara hiyo ni kutupa mali. Na ikijulikana mapema, iko kazi ya kufanya, kwani dawa za kupunguza hatari ya kuvunjika zipo.

Kwa hiyo, enyi vijana, mnapowapeleka wazazi wenu kwa tabibu wa meno, na picha ikapigwa, muulizeni kwa adabu: "Daktari, umeuonaje ukingo wa taya? Je, mama apelekwe kupimwa mifupa?" Mwelezeni pia mambo ambayo pengine hatayauliza: kwamba hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45, kwamba amewahi kuvunjika mkono kwa anguko dogo, kwamba kimo chake kimepungua au mgongo umeanza kupinda, kwamba bibi yenu alivunjika nyonga, kwamba ametumia kwa miezi mingi vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, au kwamba baba avuta sigara. Picha ikiungana na maneno hayo, nguvu ya ushahidi huongezeka. Wala mtu asiziache dawa zake kwa hofu ya maneno haya. Aliyeziandika ndiye wa kuulizwa.

Kadhalika, mzee ambaye amekwisha kuanza dawa za mifupa, kama alendronati, hana budi kumwarifu tabibu wa meno kabla ya kung'olewa jino. Mara chache sana hutokea kwamba mfupa wa taya ukakataa kupona baada ya jino kutoka, na tabibu aliyearifiwa huweza kujihadhari.

Ama nyumbani, kazi ni yetu sote. Mifupa hupenda kalsiamu, nayo hupatikana katika maziwa, mtindi, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Hupenda pia vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ipigwapo na jua. Watu wa pwani huweza kucheka na kusema, jua hatulikosi. Lakini uchunguzi mwingi uliofanywa Saudia na nchi za Ghuba umeonyesha upungufu wa vitamini hiyo katika watu wa nchi zenye jua kali, kwani jua lisilofika kwenye ngozi halina faida hiyo. Mama avaaye buibui aweza kuipata haki yake ndani ya ua wa nyumba yake, penye sitara, mikono na miguu ikiwa wazi kwa kitambo. Na mifupa hupenda kazi: kutembea, kupanda ngazi, kuinua vitu kwa kadiri ya uwezo. Kumketisha mama siku nzima kwa jina la heshima, asishike hata ufagio, si kumtunza.

Tena tutazame njia zake ndani ya nyumba. Maji yaliyomwagika chooni yakaushwe. Kandambili zilizolika zitupwe. Pembe za busati zilizoinuka zilazwe. Taa iwepo katika njia aipitayo usiku kwenda kutawadha. Na penye kizingiti pawekwe kitu imara cha kushika. Mambo haya hayahitaji daktari wala safari, na huenda yakamwepusha mzee na anguko.

Na kwa wasichana na wavulana wetu twasema: akiba ya mifupa huwekwa sasa. Miaka hii ya shule, ya mpira na ya kuruka kamba, ndiyo miaka ya kujenga. Asiyejenga katika ujana atafika uzeeni na akiba ndogo, na ubomoaji hautamngoja.

Uzee ni neema, nasi twauomba. Lakini kuvunjika si sehemu ya lazima ya uzee, na neno "ni uzee tu" lisitufunge midomo panapopasa kuuliza. Itafuteni bahasha ile, au nendeni kwa tabibu mwulize kama picha ya mama ingalipo. Ikiwa ni ya miaka ya karibuni, na isomwe tena, safari hii kwa ajili ya mifupa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu, na atupe nasi nguvu za kuwatumikia.